Waliponiuliza Kama Namjua

Nkuhungu, Dodoma
Jumatano

Kaka yangu Zablon,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe, wifi Yudith na watoto. Mimi na mwanangu Denis hatuumwi, ila hofu imenikaa rohoni, unisamehe mwandiko. Simu niliiuza, ndiyo maana nampa Khamisi, dereva wa lori la mawe, akuletee karatasi hii.

Mwenzenu niliachishwa kazi ya jikoni kule Chimwaga tangu mwezi wa pili. Sikuwaambia, niliona aibu. Sasa napita nyumba hadi nyumba kuomba nguo za kufua, mtoto mgongoni, na nikiona mgambo nachepuka. Siku hizi wanakamata wazururaji, kaka. Nilimuuliza jirani yangu Bupe mzururaji ni nani hasa, akasema ni yeyote asiye na kazi, akiulizwa anakwenda wapi akababaika. Ee Mungu wangu, si ndiye mimi! Wiki iliyopita Bupe alimtetea binamu yake aliyekamatwa. Wakamuuliza na yeye shughuli yake, wakawapakia wote wawili. Mpaka leo hajarudi.

Najua baba aliondoka huko kwenda kuhemea, maana mvua zimekataa. Kwetu mtu akichukua gunia lake akazungukia ndugu kuomba nafaka, hakuna anayemwita jina baya. Anapewa maji, anapewa kigoda, anapimiwa mtama. Baba alikuja mjini na akili hiyo hiyo. Jumatatu asubuhi alikuwa anaulizia kwangu mlango kwa mlango, mtu akaita mgambo. Walipomuuliza kazi yake akasema anazunguka kutafuta chakula. Walipomuuliza analala wapi akasema popote atakapokaribishwa. Kakosa nini hapo? Lakini kwao huo ndio uzururaji wenyewe.

Wakamleta mlangoni kwangu. Mmoja akaniuliza kama namjua mzee huyu, na kabla sijajibu akaniuliza mimi nafanya kazi gani.

Kaka, nilisema simjui. Baba yetu mzazi! Nilimfikiria Denis, nikasema simjui. Naye baba hakunilaumu hata kwa jicho. Aliwaambia wamsamehe, amekosea nyumba, yeye na binti huyu hawajuani. Kisha akamtazama Denis, mjukuu asiyewahi kumwona, akaniombea Mungu anikuzie mtoto, vile mpita njia anavyomwombea mtu. Wakaondoka naye.

Kesho saa tatu wanampeleka mahakamani. Nitakwenda kusema ni baba yangu. Naogopa, sikufichi, maana wataniuliza tena kazi yangu. Denis nitamwacha kwa mama Nasra, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Tusipofika huko mimi na baba kabla ya Jumapili, njoo umchukue. Bado ananyonya, ila uji anakunywa.

Mama msimwambie nilichosema mlangoni. Nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda Yotham