Miti ya Mpaka Kando ya Kimemi

Jumatatu, 5 Machi 2001

Plan ya mji imekwisha! Wiki saba za kuchora, na Butembo yangu ni nzuri kuliko Butembo yenyewe. Mita ishirini kila upande wa mto Kimemi: hakuna nyumba, hakuna garage, hakuna choo. Miti, majani, na maji ambayo mtu atayachota bila kufumba macho. Bwana Esdras, mkubwa wetu, chef wa bureau ya mipango ya mji, aliipiga mihuri miwili, mmoja wa serikali iliyokimbia, mwingine wa rebellion, waasi wanaotutawala sasa. Alisema tusionekane tumechagua upande.

Jumatano, 7 Machi

Borne kumi na mbili, nguzo fupi za mpaka za saruji, tulizisimika jana kando ya mto. Tisa zimekwisha kutembea! Tatu nimezikuta kwa jirani yetu Léa, zimebeba sufuria ya maharage. Nikamwambia hiyo ni mali ya mji. Akanipakulia sahani. Nikala, tena nikaongeza.

Ijumaa, 9 Machi

Mambo yameharibika. Commandant wa waasi anataka garage ya camions zake, malori ya jeshi, pale bondeni, hatua tano kutoka tunapochota maji. Mafuta machafu yote mtoni! Bwana Esdras alimwonyesha plan. Commandant akaweka chupa ya bia juu yake, akasema karatasi ni nzuri, haivuji. Jumatatu wanaanza kuchimba.

Nina hasira. Nimevunja rula ya bureau.

Jumamosi, 10 Machi

Wazo! Borne inaibiwa. Lakini mti wa mpaka, ule wa majani marefu ambao watu wetu hupanda kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi — nani atathubutu kuung'oa? Hata mbuzi wanaupita.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni, nilikata matawi kwenye uzio wa Mama. Uzio aliupanda kaka yangu Malachie, kabla hajasafiri kwenda Kamango, karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka wa tatu huu, hakuna habari. Mama hataki mtu amwite marehemu. Pasta alijaribu mara moja, akafukuzwa na chai yake mkononi. Uzio utaota tena.

Nimepanda matawi arobaini na mawili pale commandant anapotaka kuchimba. Mawili mawili, kichwani na miguuni. Makaburi ishirini na moja bila maiti hata mmoja! Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu mpaka nikakaa kwenye matope.

Jumapili, 11 Machi

Mji mzima unanong'ona. Mzee Muyisa, chef wa quartier, mkubwa wa mtaa wetu, anaapa kwamba mjomba wake kazikwa pale. Amekwisha kuchagua kaburi lake, la tatu kutoka darajani. Wanawake wanazunguka mbali na ndoo zao, wanainamisha vichwa.

Baada ya ibada Mama aliutazama uzio wake uliokatwa. Kisha akatazama kucha zangu, bado zina matope. Mama ni shemasi, hasemi uongo hata kwa kuku; akiulizwa, atasema. Namwogopa kuliko ninavyomwogopa commandant.

Jumatatu, 12 Machi

Saa mbili camion ilishuka na vijana wa majembe. Walipoona miti wakayaweka majembe chini, wakakataa. Nilitaka kupiga makofi! Ndipo commandant mwenyewe akaja. Akasema:

"Mwenye iko na mutu hapa, aseme jina yake. Kama hapana, tunachimba."

Mzee Muyisa alikuwa amemsahau mjomba wake kabisa. Bwana Esdras alitazama viatu. Nilifungua mdomo nikiri, basi, wanipeleke kifungoni.

Mama akanipita, na Biblia kwapani.

"Mutoto wangu iko humu. Jina yake Malachie."

Commandant akamuuliza wapi hasa. Mama akatembea polepole kati ya miti yangu, akasimama penye miwili, akakaa chini. Akalia. Kilio kile alichokikataa miaka mitatu. Commandant akavua kofia. Alisema atarudi kesho, aone kama ni kweli.

Ni saa nane sasa. Camion imebaki pale juu, bila mtu. Nimemwambia Mama twende nyumbani, wameondoka, imetosha. Hasikii. Léa alimletea maharage. Yamepoa kando yake. Sasa anaondoa majani makavu kwa vidole, anasafisha pale chini, na ananiomba nimletee maji ya mto, amwagilie miti ya Malachie —