Dakika Thelathini na Nane Ndani ya Formalini

Jumatatu, 4 Machi

Uboho wa yule binti mgonjwa umefika saa nne, ndani ya kisanduku cha barafu. Kimrija kimoja tu! Muuguzi aliyeuleta kasema mtoto ana miaka sita, alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake kaapa: sindano ya mfupa basi, hata aje nani. Damu ya mtoto haijitengenezi sawasawa na hakuna anayejua kwa nini. Jeni zake zimesomwa herufi kwa herufi, zote nzima. Profesa anasema kosa haliko kwenye herufi, liko kwenye mkunjo. DNA hukunjwa ndani ya chembe kama shuka kabatini: pindo la huku linagusana na la kule, ingawa ukiikunjua yanakaa mbali. Labda kwa binti huyu kuna kipande kinagusa pasipo pake na kuizima jeni ya damu.

Kazi yangu ni kuigandisha mikunjo hiyo kwa formalini, dakika kumi kamili, kisha niisimamishe kazi ya formalini kwa glisini. Ukizidisha, hata vipande vilivyokuwa vinapita jirani tu vinagandana, na ramani inakuwa ya uongo. Mrefu, mwanafunzi wetu wa udaktari, kanitania: Mama Dakika, huyu nakuachia wewe, mimi mikono inanitetemeka. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Jumanne, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mimi hujaza daftari la maabara asubuhi, kabla ya kuvaa glavu — muda, joto, kila kitu. Miaka kumi na moja nafanya hivyo. Kwa hiyo "dakika 10" ilikuwa imeshaandikwa kabla sijaugusa mrija.

Saa tano na robo nimetia formalini. Simu ikalia. Mama. Simu haziruhusiwi ndani, nikatoka koridoni, nikidhani ni neno moja tu. Kumbe kagombana na dada yangu juu ya mapazia! Nani kayafua, nani kayapausha. Nikamtuliza, nikacheka, nikampa dada lawama zake, na Mama naye kidogo. Niliporudi, saa ya kengele ilikuwa imeshalia na kunyamaza. Dakika thelathini na nane.

Nikatia glisini. Nilipaswa kusema palepale. Lakini kimrija ni kimoja, na mama wa binti kashaapa. Nikaangalia daftari: dakika 10, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikajitia hamnazo, nikaendelea na kimeng'enya cha kukatia DNA.

Nitamwambia Profesa kesho.

Jumatano, 6 Machi

Sikumwambia. Alikuwa na haraka.

Ijumaa, 29 Machi

Sampuli imeshapelekwa kwenye mashine ya kusomea. Naomba ramani itoke vurugu tupu, itupwe, yaishe. Mungu anisamehe — naiombea kazi yangu mwenyewe iharibike! Mume wangu kauliza mbona siku hizi nadonoa chakula kama ndege. Nikasema jino. Kauliza la upande gani. Nikaonyesha kulia. Baadaye kaniuliza tena, nikaonyesha kushoto. Kaniletea karafuu mbili, moja kwa kila upande.

Jumatatu, 22 Aprili

Doa! Mrefu kapiga kelele mpaka mfagizi akaja mbio. Kwenye ramani, vipande viwili vinavyokutana mara nyingi huonekana vyekundu, na pale kwenye jeni ya damu ya binti pana doa jekundu lisilokuwepo kwenye ramani ya mtu mzima wa afya tuliyemlinganisha naye. Sampuli ya huyo mzima niliifanya mimi, mwezi wa pili. Dakika kumi, sikubandua macho.

Mrefu kauliza, kwa utaratibu tu: muda ulikuwa sawa kote, siyo? Profesa kanijibia. Huyu? Hebu angalia daftari! Nikatikisa kichwa kukubali.

Mpaka jana ilikuwa ajali. Leo nimedanganya. Profesa kasema mikono yangu ni dhahabu, nikaificha mfukoni.

Jumatano, 24 Aprili

Profesa anataka kuhakikisha kabla hajatangaza. Ni haki yake, hata mimi ningetaka. Ila kuhakikisha maana yake ni uboho mpya. Kampigia mama wa binti mbele yetu, simu kaiweka spika. Mama kakataa. Kakataa mara ya pili. Profesa kasema safari hii ni tofauti, tumeona kitu. Halafu yule mama akaanza kulia. Kasema kama mmeona, namleta.

Kesho, saa nane mchana.

Wazo la kishetani limenijia nikiosha vyombo: uboho mpya ukija, nitashika dakika kumi barabara. Doa likipotea, watasema ilikuwa bahati mbaya, sayansi ndivyo ilivyo, na hakuna atakayejua. Hakuna! Ila mtoto atakuwa amedungwa mfupani ili mimi nisiaibike.

Na huenda doa ni la kweli. Hilo ndilo linalonila. Sijui, na mimi ndiye niliyefanya lisijulikane.

Nimepiga moyo konde. Asubuhi namwambia, kabla hajavua koti.

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika nikiwa chooni, ghorofa ya pili, kidaftari juu ya goti.

Profesa hakuja asubuhi, alikuwa na kikao. Saa saba na nusu nikagonga mlango wake, maneno nimeyapanga moja moja. Kumbe mama wa binti kashafika, mtoto kampakata. Profesa kafurahi — ingia, ingia, tulikuwa tunakutaja! Huyu ndiye aliyeifanya kazi yenyewe.

Yule mama akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Dada, mimi hayo ya mikunjo sikuyaelewa. Wewe uliyeishika kazi niambie tu. Angekuwa mwanao, ungemlaza tena?"

Fomu ilikuwa mezani. Binti alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akamnong'oneza mama yake, lakini nilisikia: huyu ndiye mwenye sindano?

Machozi yakanitoka. Nikasema narudi sasa hivi, nikakimbia. Nimekimbia! Mtu mzima mimi.

Mrefu anagonga. Anauliza kama naumwa. Anasema yule mama kaiweka kalamu chini, hasaini mpaka nirudi, atafanya nitakalosema mimi. Kawaambia kati ya watu wote wa jengo hili, ni mimi tu aliyeniona nikimhurumia mwanawe.

Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa.