Niliigusa Wi-Fi ya Baba

Bariadi, Jumamosi alasiri. Mvua imenyesha toka alfajiri, na hapa ninapoandika ndipo mahali pekee ninapoweza kulisema hili: ni mimi niliyeigusa Wi-Fi ya baba. Sijamwambia mtu yeyote, hata dada Limi.

Baba ana nyumba ndogo ya wageni, vyumba saba. Kifaa cha Wi-Fi kipo sebuleni juu ya televisheni, kina antena nne. Siku alipokinunua alitangaza kwamba hakuna wa kukigusa isipokuwa yeye. "Kabula, mayu, hata vumbi lake niachie mimi." Huniita mayu, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, na akiniita hivyo siwezi kubisha. Kwa kweli sibishani na mtu. Shuleni, kabla sijamaliza mwaka huu, nilijua majibu mengi ambayo mwalimu hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu.

Limi amesomea uuguzi, na amekaa nyumbani muda mrefu akituma maombi ya kazi. Wiki hii hospitali moja ya Mwanza ikamwita kwenye usaili wa video, Ijumaa. Sebuleni hapafai, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga, na ikiwashwa hata wewe mwenyewe hujisikii. Chumba chenye utulivu ni namba saba tu, mwisho wa korido, na huko Wi-Fi hufika imechoka. Bando la simu nalo, mvua ikinyesha, ni la kubahatisha.

Alhamisi tulijaribu huko namba saba. Limi alimpigia binamu yetu wa Lamadi. Uso wa binamu uliganda mdomo wazi, sauti ikaja vipande vipande. Limi alikaa kitandani akaiangalia simu.

Baba akapanda kiti. Akaanza kuzigeuza antena jinsi tulivyokuwa tukigeuza ile ya televisheni kwenye mlingoti, huku mama akiwa namba saba.

"Vipi?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Ilikuja, umeipitisha! Rudisha!"

"Wapi?"

"Huko huko ulikotoka, baba Limi!"

Mgeni mmoja, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Meatu, alitoa kichwa mlangoni akauliza kama taarifa ya habari imeanza.

Mwishowe antena zote nne zililala, ncha zikiielekea namba saba kama vidole vinavyomshtaki mtu. Ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mimi nilijua kwa nini.

Nilikuwa nimesoma kijitabu cha maelezo kilichokuja kwenye boksi, chote, kwa msaada wa kamusi. Antena za namna hii hurusha mawimbi ubavuni, si nchani. Ukimwelekezea mtu ncha unamnyima. Tena kulenga si kazi ya mkono. Kifaa chenyewe kinaweza kulenga, jambo wanaloliita beamforming. Hulichelewesha kidogo wimbi la antena hii, kikalitanguliza la ile, ili yote yaifikie simu kwa pamoja. Nilielewa nilipokumbuka lori la pamba lililokwama kwenye tope jeusi njia ya Lingeka. Kila mtu alisukuma kwa wakati wake, halikutikisika. Walipohesabu wakasukuma pamoja, likatoka. Watu walikuwa walewale.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, baba akasema, "Nishikie kiti, mayu."

Nikashika kiti.

Jana asubuhi baba alikwenda sokoni. Nywila ninayo, maana siku ya kukifunga hakuwa na miwani, mimi ndiye niliyeiandika. Niliingia kwenye mipangilio nikaikuta beamforming imezimwa. Nikaiwasha. Nikapanda kiti, nikazisimamisha antena wima. Kifaa kikajizima ili kiwake upya, na kutoka koridoni mnunuzi wa ng'ombe akapaza sauti, "Jamani, Wi-Fi imekufa!"

Na mimi nusura nife.

Kilipowaka nilikimbilia namba saba na simu yangu. Mabadiliko kidogo tu. Nilitaka kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Kisha nikakumbuka: kifaa hutuma kwanza mawimbi ya kujaribu, na simu lazima ijibu imeyapokea vipi, ndipo kijue namna ya kuyapanga. Simu yangu ni ya zamani, haijui kujibu. Ya Limi ni mpya. Nikamwomba, nikasema nataka kuifuta kioo. Namba saba, video ikafunguka na kwenda bila kusita. Ilikuwa ya mtu anayepika maandazi. Niliitazama mpaka mwisho huku machozi yakinitoka.

Usaili ulipoanza nilikaa koridoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuwa nasikiliza majibu yake. Nilikuwa naogopa kusikia tu, "Haloo, mnanisikia?" Sikuisikia. Limi aliongea, akanyamaza, akaongea tena, hata akacheka. Alipotoka alisema, "Nimewasikia kila neno." Kama kazi ameipata hajui bado, wamemwambia asubiri simu. Lakini akikosa, haitakuwa kwa sababu ya mtandao.

Baba alipiga makofi. "Si niliwaambia? Ni kulenga tu!" Antena zilikuwa zimesimama wima nyuma ya kichwa chake, wala hakuziangalia. Leo ameshamwahidi jirani mwenye duka la vipuri kwamba Jumatatu atakwenda kumlengea ya kwake.

Nimejitolea kwenda naye kushika kiti.

"Wewe, mayu? Kwa watu?" akashangaa. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya kusikika.

Huko nitasema, "Baba, tujaribu kuzisimamisha." Nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo toka asubuhi, na kila mara inatoka vizuri zaidi. Najivunia kiasi kwamba napita sebuleni bila sababu, ili nizitazame tu zile antena.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba. Siku ukipita Bariadi ukalala kwetu, ukapewa namba saba, ukaona Wi-Fi inakimbia, msifu baba. Atafurahi sana. Mimi usinitaje.