Nauli ya Sufuria ya Mama Kulwa

Rwamgasa,
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Masanja,

Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua, imeshuka huko Samuye au bado mnaitazama inapita? Mimi ni mzima, ila miguu huvimba jioni, na chumba kina ukimya ambao sijauzoea.

Ile kazi ya kuwaagizia watu vitu kutoka madukani Shinyanga mjini inaendelea, lakini nimekosea, tena kosa la mwalimu mstaafu. Kwenye ubao wa mlangoni kwangu nilikuwa naandika kwa chaki bei ya dukani Shinyanga peke yake. Nauli nilikuwa naitaja mzigo ukishafika, maana dereva wa lori hutoza kwa uzito. Niliona huo ndio uaminifu.

Jirani yangu Mama Kulwa, muuza uji, ndiye mtu pekee hapa aliyekuwa akikaa nami asubuhi tukaongea Kisukuma. Aliagiza sufuria kubwa. Ilipofika nikamtajia bei, kisha nauli, kisha ujira wa wapakuzi. Akalifunga tena fundo la hela kwenye khanga yake.

"Mwalimu, ungeniambia yote siku ile. Nimekuja na hela ya sufuria, sikuja na ya lori."

Nikaanza kumweleza, unanijua. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakinywa uji wake wakacheka. Mmoja akasema kesho mwalimu atawatoza na vumbi la njiani. Mama Kulwa hakucheka. Aliiacha sufuria, akanunua nyingine duka la barabarani, ghali kuliko yangu pamoja na nauli yake, kwa sababu kule aliambiwa bei moja. Wiki mbili hakuja kuketi.

Nimefikiri sana. Nauli nikiigawa sawasawa kwa kila kitu, mnunuzi wa sindano atamlipia mnunuzi wa sufuria. Nikiitaja mwishoni, namtega mtu. Basi vitu vidogo sasa vina bei moja, nauli ikiwa ndani. Kwa vitu vizito, naandika ubaoni mapema bei yote mpaka kitu kifike mkononi mwa mtu, na dereva akizidisha, hasara ni yangu. Mtu anataka kujua atatoa kiasi gani kabla hajatoka nyumbani kwake.

Jana Mama Kulwa alisimama mbele ya ubao.

"Hii ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo. Hata lori likikwama."

Akaagiza ndoo mbili. Nikamsogezea kigoda. Akasema uji utaungua, akaenda zake.

Nisalimie mdogo wangu Shija, na asiwapeleke ng'ombe mbali. Msalimie mkwe wetu Nyanzobe na wajukuu, na shangazi Holo, hata kama hatanikumbuka.

Stempu ya barua fupi na ya barua ndefu ni moja, mke wangu. Andika ndefu.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Masanja