Kanali Wako na Kanali Wao

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu umeniachia ugomvi ambao ni wako.

Tangu tukuzike kule Mbuba, banda letu la video hapa Nyamiaga halikaliki. Mtafsiri mmoja wa Biharamulo ameleta tamthilia ileile uliyokuwa ukiitafsiri wewe, ya Kanali aliyeacha watoto. Sura ileile, koti lilelile, lakini kwa sauti yake Kanali ni mtu mwingine. Kwako alikimbia kwa kuwindwa, na kila sehemu ikiisha alisema, "Wanangu, narudi." Kwa huyu amekimbia na mwanamke, na nyumbani hapakumbuki. Sabas, fundi baiskeli, anaapa Kanali wako ndiye halisi, kwamba mtu haamki tu asubuhi na tabia nyingine. Wengine wanasema ulitudanganya miaka yote. Juzi walishikana mashati, kisha kesi wakaniletea mimi, kwa kuwa nilikaa nawe ulipokuwa ukiingiza sauti.

Nikawaambia wasubiri. Maandishi ya Kiingereza pale chini ya picha uliyasoma vizuri kuliko mimi. Nilipokuuliza mbona unambadilisha, ulizima maiki ukasema, "Konso, mwache. Mama anasikiliza." Mama na benchi lake la mbele. Na baba alivuka mpaka pale Rusumo nikiwa darasa la pili, hadi leo hajarudi.

Nilikukasirikia, kaka. Bado nina hasira. Ulikufa ukaacha sehemu ya mwisho haina sauti, na Mama akaja kuniambia anataka kuiona, nimtafsirie mimi. Nikiisema kama ulivyozoea, nimemwongezea miaka ya kungoja. Nikisema ukweli, nimekufanya mwongo, nawe huna pa kujitetea.

Jumapili baada ya misa nilimkalisha peke yake, nikasoma yaliyoandikwa. Kanali anafia kwa yule mwanamke. Hataji jina la mtoto hata mmoja.

Mama alijifunga kanga yake vizuri. Akasema, "Mimi nilijua siku nyingi baba yenu harudi. Nilikuwa nakuja kwa ajili ya Deo. Kila akisema 'narudi' sauti ilimtetemeka, nikaona huyu mtoto bado anangoja, nisimkatize."

Kaka, na wewe ulidhani ni yeye anayengoja. Nililia mpaka Mama akanishika kichwa. Mlikuwa mnafichana nyinyi wawili, miaka yote, ndani ya banda lile, na mimi katikati nashika waya wa maiki.

Nimewaambia akina Sabas kwamba Kanali wa kweli ni yule mbaya, na wa Deo alitungwa na Deo. Sabas hanisalimii tena. Lakini sehemu zako sizifuti, nakuahidi. Kila Jumapili nitamwekea Mama moja, maana anaomba mwenyewe, asikie sauti yako tu.

Pumzika, kaka. Usimngoje baba tena.

Mdogo wako,
Konsolata