Diski Mpya kwa Mteremko wa Muze

Jumatatu, 27 Juni 1994

Nimeosha gari saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya kukata vidole. Naliosha mwenyewe kama kawaida, sitaki mtu aliguse. Nimetazama oili, maji, mafuta ya breki. Nimenusa magurudumu ya mbele. Bado yananuka kuungua tangu safari ya jana.

Kifurushi kutoka Mbeya kimefika na basi. Diski mbili za breki za mbele, kubwa kuliko za zamani, zina matundu ya kupitisha hewa. Pedi za kuzibana, seti moja. Vishikizo vyake. Boksi lilikuwa limefungwa kwa gundi mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kondakta anasema ndivyo alivyolipokea. Kondakta gani angesema vingine?

Nimechukua msumari nikakwaruza alama ndogo katikati ya kila diski, pale pedi isipofika. Mke wangu Ledegunda ameniona akacheka. Acheke. Zamani vitu vilikuwa havipatikani, lakini ulijua ulichonacho. Siku hizi kila kitu kipo na nusu yake ni bandia.

Gari langu ni la Kijapani, lina turbo, limepitia Zambia. Nimelinunua kwa kiinua mgongo cha udereva wa malori. Hakuna gari Sumbawanga linaloliweza njia ya Laela. Kukimbia linajua. Kusimama ndiyo kazi. Na tarehe kumi na sita Julai lazima lisimame, maana siku hiyo namshusha binti yangu Restituta kwenda Muze, kule bondeni, kufunga ndoa. Mteremko ule hauna huruma.

Jumanne, 28 Juni

Krispini amefunga diski. Krispini ni mdogo wake Ledegunda, shemeji yangu, na ndiye fundi wa breki ambaye mji mzima unamsifia. Nimesimama nyuma yake tangu saa mbili. Sikwenda hata kujisaidia. Amezifuta diski kwa petroli kuondoa mafuta ya kiwandani. Petroli yangu.

Saa nne akanituma dukani nikanunue msasa. Kwa nini mimi? Nimekwenda mbio, nimerudi mbio. Dakika kumi. Niliporudi gurudumu la kulia lilikuwa tayari limefungwa.

Dakika kumi ni nyingi.

Alhamisi, 30 Juni

Krispini anasema pedi mpya lazima zizoeshwe. Kimbia themanini, punguza mpaka ishirini, usisimame kabisa, rudia mara thelathini, kisha ziache zipoe. Nimemuuliza kama ni pedi au ng'ombe wa plau. Akacheka. Anacheka sana siku hizi.

Nimefanya hivyo njia ya Laela, peke yangu. Lazima niseme ukweli: zinashika. Ukigusa tu kifua kinakwenda kwenye usukani. Nimefurahi kama mtoto. Nimerudi nikala ugali wa ulezi sahani mbili.

Jumamosi, 2 Julai

Karibu nife leo.

Nilikuwa na abiria wawili, wafanyabiashara wa mpunga wa Muze. Tumeanza kushuka vizuri. Kona ya kwanza, ya pili, sawa. Baada ya hapo pedeli ikaanza kulegea. Harufu. Halafu ikazama mpaka chini, na gari linakwenda tu. Nikaligongesha kwenye ukingo wa mlima upande wa kulia, likajikwaruza, likasimama.

Moshi magurudumu yote mawili ya mbele. Msukuma mmoja aliyekuwa anapandisha ng'ombe akasimama akatazama. "Mzee, gari lako linaungua," akasema, kama kwamba sikuona. Abiria wakashusha magunia yao matupu wakaenda kwa miguu. Hawakuaga.

Nimekaa saa nzima mpaka breki zikarudi. Sasa usukani unatikisika kila nikikanyaga. Nimerudi nyumbani gia ya kwanza.

Ninachokumbuka ni dakika kumi zile. Nilinunua diski nzuri. Zilizofungwa si zangu.

Jumapili, 3 Julai

Baada ya misa nimesimama nje ya kanisa. Nimemwona mwenye mashine ya kusaga akiingia kwenye gari lake. Diski zake zinang'aa. Zimefungwa na nani? Na Krispini, wiki hii hii.

Nimewaambia watu watatu. Mwenye mashine mwenyewe, katekista, na yule mama wa duka la vipuri. Niliwaambia wazi: Krispini ananibadilishia vitu, mafundi wote ndivyo walivyo. Wote watatu walitikisa kichwa kwa masikitiko. Nilijisikia vizuri.

Jioni Ledegunda hakuniwekea maji ya kuoga. Habari zimeshafika.

Jumanne, 5 Julai

Nimefungua magurudumu mwenyewe. Diski zimegeuka rangi, zina mawimbi ya bluu kama bati lililokaa motoni. Nimezifuta katikati kwa kitambaa. Alama yangu ipo. Kulia ipo, kushoto ipo.

Ni diski zangu.

Nimekaa chini pale kwenye jeki muda mrefu. Halafu nikawaza: basi alibadilisha pedi. Pedi sikuzitia alama. Yeye alijua sikuzitia alama. Ndiyo.

Ledegunda akaniuliza, "Baba Resti, umekuta nini?" Nikasema sijamaliza kutazama. Sijamwambia mtu yeyote kuhusu alama.

Alhamisi, 7 Julai

Nimepita mbele ya gereji ya Krispini. Wiki iliyopita kulikuwa na magari matano. Leo moja, na hilo halina injini. Mwenye mashine halileti tena lake. Hata gari la padre linapelekwa kwa fundi mwingine.

Nilitegemea kufurahi. Sikufurahi. Nikaongeza mwendo asinione.

Restituta ananinunia. Amesema kwa mama yake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mjomba wake asipokuwa ndani ya gari Jumamosi ile, na yeye haingii. Namshuku hata yeye. Nani amempangia maneno?

Zimebaki siku tisa na sina breki.

Ijumaa, 8 Julai

Krispini amekuja nyumbani. Mchana, mbele ya majirani. Nilitegemea matusi, nikawa nimejiandaa na yangu. Amesema shikamoo kama siku zote. Amekaa. Amekunywa uji. Halafu akasema, "Shemeji, nipe gari siku moja. Nitazichonga diski, nitakuwekea pedi zangu. Kisha tushuke wote wawili, mimi nikae pembeni."

Kwa nini anataka kuwemo? Mtu aliyeharibu breki hapandi gari lenye breki hizo. Ama hakuharibu. Nimelala chali mpaka jioni nikilifikiria hilo.

Jumamosi, 9 Julai

Diski amezipeleka kwa mkereza vyuma, zikasawazishwa. Pedi ametoa zake, alizokuwa ameziweka akiba. Zina boksi, hazijafunguliwa. Safari hii hakunituma popote. Nilisimama nyuma yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na yeye alijua kwa nini. Kila kifaa alikiinua kwanza nikione ndipo akafunga. Afadhali angenitukana.

Tumezizoesha njia ya Laela. Mara thelathini.

Jumapili, 10 Julai

Nataka kuandika hili lilivyokuwa, nisilipambe.

Tumeondoka baada ya misa. Upepo mkali juu pale, ukitazama chini bonde la Rukwa lote limejaa vumbi. Tukaanza kushuka. Mimi macho barabarani, Krispini macho yako ndani ya gari. Nikamshuku. Anatazama nini?

Kona ya tatu akasema taratibu, "Shemeji, gia iko wapi?"

Nikatazama. Gia ilikuwa imetolewa. Injini inanguruma peke yake bila kazi, na gari zima, na uzito wake wote, na turbo yake, limening'inia kwenye breki mbili za mbele. Na mkono wangu ulikuwa juu ya ile gia, umetulia.

Sikuwa najua. Naapa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Miaka kumi na mitano nimeendesha malori enzi za petroli ya kibali, iliyogawiwa kwa kipimo. Tulikuwa tunafika juu ya mteremko, tunatoa gia, wengine tunazima na injini kabisa, tunaachia lori liteleze mpaka Muze bure. Dereva aliyerudi na mafuta kwenye tangi ndiye aliyekuwa dereva. Nilisifiwa mbele ya wenzangu kwa hilo. Lori lilikuwa linakwenda kama konokono na breki zake zilikuwa kubwa kama mitungi ya maji. Hili gari si lori. Na petroli sasa inauzwa kila kona, hakuna anayemwomba mtu kibali, lakini mkono wangu haujaambiwa.

Nikaingiza gia ya pili. Injini ikalia. Petroli yangu iliniuma mpaka tumboni, nakiri. Lakini gari likajishika. Breki niliigusa kidogo tu kwenye kona. Chini kabisa Krispini alishuka akamwagia diski maji kutoka kwenye chupa. Hayakuchemka.

Sikumwomba radhi. Nilisema, "Pedi nzuri hizi." Ndiyo maneno yaliyotoka. Mjinga mimi.

Jumatatu, 11 Julai

Niliona alama Jumanne. Nikakaa nayo siku sita. Hilo ndilo baya kuliko yote. Gia sikuijua, lakini alama niliiona kwa macho yangu.

Jioni nimekwenda kwa Krispini. Nimemwambia yote, na la alama pia. Alikuwa anapanga spana. Akasema, "Nimesikia, shemeji." Mkewe akaleta chai.

Jumatano, 13 Julai

Nimezunguka kufuta maneno yangu. Katekista amenisikiliza, akasema nitubu. Mama wa duka la vipuri amesema amefurahi, ila tayari ameshawatuma wateja wake kwingine na ni aibu kuwarudisha. Mwenye mashine amecheka. "Mzee, unamtetea kwa sababu ni shemeji yako." Nimeapa. Akazidi kucheka. "Mafundi wote ndivyo walivyo."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Nilipoyasema mimi aliyaamini papo hapo, bila kiapo.

Gereji leo haina hata gari moja. Kuku wamelala penye kivuli cha jeki.

Jumapili, 17 Julai

Jana tumemwozesha Restituta. Alipendeza. Nimelia kidogo, watu wakasema ni vumbi la bondeni, nikawaacha waseme.

Asubuhi nilimpa Krispini funguo aendeshe yeye. Akakataa. "Mwanao huyo. Mshushe mwenyewe." Akakaa mbele, pembeni yangu. Restituta na mama yake nyuma, shela imejaa kiti kizima. Juu ya mteremko nikaingiza gia ya pili, nikaangalia kama Krispini ameona.

Alikuwa amelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Mimi sijawahi kulala kwenye gari analoendesha mtu mwingine, maisha yangu yote.

"Mwache mjomba," Restituta akasema nyuma. "Amefungasha vyombo vya gereji usiku kucha. Kesho wanahamia Tunduma."

Sikujua. Ledegunda alikuwa anajua, nilimwona kwenye kioo akitazama nje. Watu wote walikuwa wanajua.

Nilishuka polepole. Kona zenye mashimo nilizipita kwa tahadhari zaidi, asiamke.