Samaki wa Mama Aikaeli

Salha, mume wangu Nasri karudi kanyong'onyea, hata kula hataki.

Wale samaki wapya wa mapambo, wa maji ya chumvi, wa tangi la kioo la Mama Aikaeli, kule Kimandolu anakowatunzia, hata ufunguo wa geti kapewa! Nasri alitakiwa awatenge kwanza, awatibu. Akaona uvivu, akawachanganya na wa zamani. Leo wote wamekufa, wamejaa madoa meupe.

Mama akamuuliza, "Uliwatenga, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Na dawa niliwawekea."

Kamdanganya mjane wa watu huku anamtazama usoni!

Mama akammiminia chai. "Basi usijilaumu. Ulijitahidi."

Ati ulijitahidi, Salha! Nasri akaweka kikombe chini. Akasema ukweli palepale.

Mama akamwambia taratibu, "Maliza chai yako. Ukitoka, niachie ufunguo wa geti."